Shamba la Shosho Lilipohamia Isiolo

Shosho aliambiwa shamba lake halipo akiwa dirishani pa kiwanda cha kahawa, mbele ya foleni ya watu anaowajua tangu ujana wake. Karani hakusema kwa ubaya. Alisoma tu alichoandikiwa: "Namba yako iko na shida ya ramani, mama. Malipo yako yamesimama hadi irekebishwe." Shosho akauliza ni shida gani. Karani akaiinamia karatasi tena, akasema inaonyesha shamba liko Isiolo.

"Watu walicheka," aliniambia kwenye simu jioni hiyo. "Hata mimi nilicheka. Halafu nikaenda nyumbani nikaliangalia."

Hapo ndipo nilipokosa la kusema. Mwanamke wa miaka sabini na sita alitoka kiwandani, akapita jikoni bila kuteleka chai, akateremka hadi kwenye miti ya kahawa aliyoipanda na guka, kuona kama bado ipo.

Nilikuwa ofisini Meru, laptopu iko mbele yangu, na nilishajua ni nani aliyelihamisha hilo shamba. Sikumwambia. Nilisema, "Pole shosh, itarekebishwa," kama vile mimi ni mtu wa huduma kwa wateja.

Kazi yangu ilikuwa ya mkataba wa miezi sita, ya kwanza tangu nimalize chuo: kuingiza na kusafisha data za mashamba ya kahawa, kuanzia Meru mpaka Embu. Asili yake ni Ulaya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao, ng'ombe, mafuta ya mawese, mpira, soya na mbao haviingii soko lao mpaka ionyeshwe kwamba havikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kuitekeleza imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungoja. Walianza kuuliza mapema. Na wanachouliza ni kodineti. Kila shamba liwe na latitudo na longitudo, angalau tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Shamba kubwa lazima lichorwe mipaka yake yote. Lile lisilozidi hekta nne linaruhusiwa kuwa nukta moja tu kwenye ramani, na kwa kina shosho hekta nne ni hadithi ya watu wengine.

Tarakimu ya sita baada ya nukta, huku kwetu ikweta, ni kama sentimita 11. Kimo cha kikombe cha chai. Yaani mtu aliyeketi ofisini Ulaya anataka kujua shosho analima wapi kwa kipimo cha kikombe, na sisi tukakubali, tukawapa vijana simu wakazunguke.

Jedwali lililonifikia lilikuwa na jina, namba ya mwanachama, namba ya simu, latitudo na longitudo. Namba za simu zilikuwa fujo. Wengine waliandika zikiwa zimeshikana, wengine wakaacha nafasi, wengine wakatia vistari katikati. Mfumo wa malipo hautaki vistari. Ilikuwa saa tano usiku, ripoti inatakiwa asubuhi. Badala ya kuchagua safu ya simu peke yake, nikachagua jedwali zima, nikaiambia Excel: tafuta kistari popote kilipo, weka hewa. Ikanijibu kwamba imebadilisha elfu moja na kitu. Nilifurahi sana. Niliona kazi imefanyika, nikaenda kulala.

Kistari cha namba ya simu na alama ya kutoa mbele ya latitudo ni kibonye kimoja kwenye kibodi. Excel haikuwa na sababu ya kuniuliza nilimaanisha kipi.

Sasa, Meru mjini iko kama kilomita tano kaskazini ya ikweta. Latitudo yake ni 0.05 hivi, namba chanya, haina kistari cha kupoteza. Lakini ukitoka mjini kwa barabara ya Embu, kabla hujafika Nkubu umeshaivuka ikweta, na kila kitu kutoka hapo kuteremka ni hasi: Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, Embu yenyewe. Shamba la shosho liko maeneo ya Runyenjes, latitudo -0.42 na tarakimu nyingine nne ambazo nazikatia hapa, maana si vizuri kumwanika shosho kwenye intaneti kwa kipimo cha kikombe. Toa kile kistari, inakuwa 0.42. Longitudo haijabadilika, 37.57. Nenda uitafute hiyo. Iko mbele ya mji wa Isiolo, kama kilomita saba kaskazini yake, kwenye nchi ya mbuzi na ngamia. Kutoka shambani hadi huko, kwa mstari ulionyooka unaopita juu ya bega la Mlima Kenya, ni kilomita 93.

Bosi wangu, dada mmoja asiyepaza sauti hata akikasirika, alifungua ramani kwenye skrini kubwa asubuhi ile malalamiko yalipoanza kuingia. Nukta za Meru mjini zilikuwa mahali pake. Miteremko ya Embu ilikuwa tupu, kijani kitupu, kama hakuna mtu amewahi kupanda kahawa pale. Halafu akasogeza ramani juu, na huko Isiolo kukawa na kundi zito la nukta, mamia, zimetapakaa kwenye rangi ya kahawia.

Niliitambua sura yake. Ilikuwa Embu, kichwa chini. Mashamba yaliyo juu karibu na mlima, ambayo yalikuwa karibu na ikweta, yalitua karibu na ikweta upande wa pili. Yale ya chini ambako joto linaanza, yalirushwa mbali zaidi. Ni kama umekunja karatasi kwenye mstari wa ikweta wino ukiwa bado haujakauka. Kidato cha pili tuliita somo hilo riflekshoni na nikapata alama nane kwa kumi, na hapo kwenye skrini nilikuwa nimelifanya kwa familia mia tatu na kitu.

"Nani alisafisha hii?" bosi akauliza.

"Mimi."

Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Angalia Nkubu."

Sikuona shida yoyote Nkubu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mashamba ya kule yako karibu sana na ikweta, latitudo -0.07 hivi, kwa hiyo yalikuwa yameruka kilomita kama 15 tu, yakaangukia kando ya Meru mjini, katikati ya mashamba halali ya watu wengine. Yalionekana sawa kabisa. Mashine iliyokataa shamba la shosho iliyapitisha hayo bila swali. Kosa la kilomita 93 lilijisema lenyewe siku ile ile. Lile dogo lingeweza kukaa miaka.

Nikamwambia bosi nitarudisha vistari kabla ya saa sita. Nilidhani ni kuongeza tu nilichoondoa. Nikagundua siwezi. Nikitia kistari kwa wote, nitawavusha watu wa Meru mjini waje kusini. Na kwa zile namba ndogo ndogo, 0.03, 0.05, hakuna njia ya kujua. Namba ikishavuliwa kistari haikumbuki ilikuwa upande gani. Inakumbuka umbali tu. Kilomita tano kutoka ikweta, sawa, lakini kwenda wapi? Ilibidi turudi kwenye rekodi za kwanza, simu moja baada ya nyingine. Na kwa haraka zangu nikaongeza vichekesho: programu moja ya ramani inataka longitudo ianze, nyingine inataka latitudo, na mimi nikazipanga kinyume. Embu nzima ikatokea kwenye Bahari ya Mediterania, nje kidogo ya pwani ya kusini-mashariki ya Uhispania. Bosi alipoona hivyo alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Angalau huko maji yako," akasema.

Hilo la mpangilio nilikuwa nimefundishwa, tena vizuri. Kidato cha kwanza, mwalimu wetu wa hesabu alichora mistari miwili inayokatana ubaoni na kusema, "Kwanza tembea, ndiyo upande." Yaani x kwanza, kulia au kushoto, halafu y, juu au chini. Watu wa ramani wao wanapanda kwanza ndiyo watembee: latitudo, halafu longitudo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kitu kile kile kimesomwa kuanzia mwisho. Nilikaa nikidhani graph ni ya mtihani na GPS ni ya Uber.

Mwalimu huyo aliwahi kuniita ubaoni nionyeshe (3, -4). Nikatembea tatu kulia, nikapanda nne. Akaniuliza, "Umeenda upande gani?" Nikasema nne. Akasema, "Nimekuuliza upande, umenijibu hatua." Darasa likacheka, nikafuta, nikashuka nne chini ya mstari kwa hasira, bila kuelewa. Nilichokuwa nakiamini kichwani ni kwamba hasi ni upungufu. Nne hasi ni nne ambazo huna. Sasa utawekaje kitu ambacho huna kwenye karatasi?

Silaumu kichwa changu sana. Imani hiyo ni ya zamani kuliko mimi. Mwaka 628 Brahmagupta, mwanahesabu wa India, aliandika kanuni za namba hasi na chanya akiziita madeni na mali, na mpaka leo ukifungua programu ya benki ukakuta kistari mbele ya salio lako, moyo unashuka. Descartes, ambaye huu mchoro wa mihimili miwili umebeba jina lake, alichapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637, lakini ile karatasi yenye robo nne tuliyopewa shuleni ilikamilishwa na waliomfuata. Mwingereza John Wallis ndiye aliyeniingia akilini, kwa sababu alieleza kwa miguu. Mwaka 1685 aliandika juu ya mtu anayetembea yadi tano mbele, halafu anarudi nyuma yadi nane. Yuko wapi? Yuko yadi tatu nyuma ya pale alipoanzia. Hana deni la mtu. Amesimama mahali, kwenye udongo, kama mtu mwingine yeyote.

Kiswahili nacho kinatuchanganya kidogo. Hasi ndilo neno letu, na kila mfugaji anajua kuhasi ni kumfanya nini fahali. Lakini hospitalini matokeo hasi ndiyo unayoombea usiku kucha. Kwa hiyo neno lenyewe halijaamua kama ni baya au zuri.

Kama unasoma hii ukiwa Nairobi, wewe ni hasi pia: -1.29. Kisumu -0.09, Nakuru -0.30, Mombasa -4.04. Eldoret ni chanya, 0.51. Nairobi ikipoteza kistari chake inatua Samburu, si mbali na Maralal. Longitudo zetu sote ni chanya kwa sababu tuko mashariki ya Greenwich. Kenya nzima inaishi kwenye robo mbili tu za ile karatasi, ya juu kulia na ya chini kulia. Ukitaka longitudo hasi inabidi uende mpaka Accra, ambayo iko magharibi ya mstari wa Greenwich kwa unywele tu. Ukitaka zote mbili ziwe hasi, vuka bahari uende Recife, Brazil. Na kati ya hiyo mihimili miwili, ni mmoja tu ambao dunia yenyewe iliuamua, kwa kuzunguka. Ule mwingine uliamuliwa na watu mkutanoni Washington, Oktoba 1884, wakapiga kura kwamba sifuri iwe Greenwich. Wafaransa walikataa kuunga mkono. Hakukuwa na mtu wa huku kwetu wa kuulizwa.

Baadhi ya simu za mashinani zilikuwa zimeshafutwa, kwa hiyo mashamba kama arobaini ya Embu yalihitaji kupimwa upya. Nilijitolea kwenda. Bosi alidhani ni toba. Ilikuwa toba, na pia nilijua moja kati ya hayo arobaini ni la nani.

Nilipanda matatu Meru asubuhi, nikakaa dirishani, nikafungua programu ya GPS. Wenzangu wanasikiliza muziki, mimi natazama namba kama mtu anayefuatilia kura. 0.046. 0.031. Tukateremka, 0.012, halafu sufuri zikaanza kujaa, na tulipokipita kile kibao cha Ikweta simu ikasoma 0.000 na kitu, ikapepesa, na kistari kikatokea. Hakuna aliyeinua kichwa. Kondakta alikuwa anahesabu chenji. Kule Nanyuki angalau kuna watu watakuonyesha maji yakizunguka kwenye beseni, upande huu hivi na upande huu hivi, uwape kitu kidogo (usiamini, beseni ni dogo mno dunia kulishughulikia). Hapa hakuna hata beseni.

Baada ya hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nakikariri tu. Nkubu, -0.07. Njia panda ya Chogoria, -0.23. Daraja la Nithi, ambapo gari zima hunyamaza kila safari kwa sababu ya waliokufa pale, zaidi ya watu 30 kwenye basi moja Julai 2022. Chuka, -0.33. Kwa macho, namba zilishuka kutoka Meru hadi ikweta, kisha zikaanza kupanda: saba, ishirini na tatu, thelathini na tatu. Lakini tulikuwa tunaenda kusini muda wote, hatukugeuka hata mara moja. Zilikuwa zinashuka muda wote. -0.33 iko chini ya -0.07 kama vile Chuka iko kusini ya Nkubu. Shuleni niliandika alama ya "kubwa kuliko" ikiangalia upande mbaya kila mara, na ilikuwa inahitaji tu nauli ya matatu.

Shosho alinikuta getini na swali lake la kawaida, kama nimekula. Nilikula githeri na parachichi nikiwa nimeinama. Baadaye tukateremka shambani kwenda kupima. Nilisimama katikati ya miti, simu ikatulia, -0.42 na nyinginezo. Nikaihifadhi. Nikaangalia mara tatu kwamba kistari kipo.

"Kwa hivyo sasa limerudi," akasema.

"Limerudi, shosh." Halafu nikasema, kwa sababu nilijua nikipanda tena mpaka nyumbani sitasema, "Shosh, ni mimi nililipeleka Isiolo."

Alikuwa anang'oa tawi kavu. Aliendelea kuling'oa mpaka likatoka. "Wewe mwenyewe?"

"Nilikuwa nasafisha namba za simu. Nikafuta vistari vyote. Hicho chenu kikaenda navyo."

"Kistari."

"Eeh."

"Mtoto wa mjomba wako amekaa nyumbani wiki mbili," akasema. Nilijua. Alikuwa kidato cha pili, alirudishwa kwa sababu ya karo, na hiyo karo ilikuwa ndani ya malipo ya kahawa. Nilikuwa nimetuma sehemu ya mshahara wangu nikijifanya ni zawadi. Shosho aliipokea kama zawadi. Sasa akaniangalia na nikaona anahesabu upya ile pesa ilikuwa nini.

Aliketi kwenye jiwe. Akasema, "Nieleze hicho kistari."

Nikaanza na ikweta, dunia, mstari wa katikati. Akaniacha niendelee kidogo, halafu akaonyesha kwa kidole ile njia ya miguu inayokata shamba katikati, kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine. Miti mingine iko juu ya njia, mingine chini. Akaniambia wakati wa kuchuma huwa anaajiri watu wawili watatu, na huwagawia kwa safu. Safu zinahesabiwa kutoka njiani. Kuna safu ya tatu ya juu na safu ya tatu ya chini.

"Nikimwambia mchumaji nenda safu ya tatu, atafanya nini?"

"Atauliza ya juu ama ya chini."

"Na asipouliza?"

"Anaweza kwenda mbaya."

"Mwaka mmoja mmoja alienda safu ya tisa," akasema. "Mimi juu nina safu sita." Ya tisa ya juu ilikuwa ya jirani. Mchumaji alijaza ndoo nzima kwa mtu, jirani akaja na panga mkononi, si la kutumia lakini alikuwa nalo, na ilichukua wazee kikao kizima kuwapatanisha. Kwa hiyo hakuna kitu nilichokuwa namfundisha. Alikuwa na mhimili wake, na sifuri yake, na safu zake za pande mbili, na kesi yake ya mpaka iliyotokana na mtu kutaja namba bila upande.

"Lakini mbona," akauliza, "upande wetu ndio uliwekewa alama ya kutoa?"

Nikasema waliochora walikuwa wanaishi kaskazini.

"Aa," akasema. Alielewa hilo mara moja kuliko yote.

Jioni alikuja jirani kunywa chai, mzee aliyestaafu kazi ya kupima ardhi. Shosho akamsimulia kisa chote bila kuficha jina langu, na mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Aliniambia kwenye ramani zao za zamani, zile za karatasi zilizochorwa kwa mita, hakuna alama ya kutoa kabisa. Kusini ya ikweta walikuwa wanaongeza milioni kumi. Kwa hiyo ikweta yenyewe inasomeka 10,000,000 ukitokea kusini, na kadiri unavyoteremka ndivyo namba inavyopungua. Embu mjini iko kama 9,940,000. Ukipanda kuelekea Meru inakuwa milioni tisa na laki tisa na zaidi, inajaa tisa tupu, halafu ukivuka mstari inaanza tena kutoka sifuri kama mita ya gari iliyokwisha, na Meru mjini unasoma elfu tano na kitu.

"Sasa mlifanya hivyo kwa nini, mzee?" nikamuuliza. "Si ni kujipa kazi?"

"Kijana," akasema, "tulijua mtakuja."

Nimeifikiria sana ile milioni kumi. Ni ujanja wa watu waliowahi kufanya kazi kwenye mvua na penseli, wakijua kistari kidogo kinafutika kwa tone moja, lakini namba nzito kama hiyo haipotei bila mtu kuiona. Lakini sasa ina tatizo lake: bila kusema uko ukanda wa kusini au wa kaskazini, mita elfu tano za Meru zinaweza kuwa mahali pengine kabisa, mbali sana kusini. Upande lazima usemwe mahali fulani. Kama si kwenye namba, basi kando yake.

Malipo ya Embu yalitoka wiki ya tano. Mtoto wa mjomba alirudi shule. Mashamba ya Nkubu tuliyarekebisha moja moja, na wenyewe hawakujua waliwahi kuhama. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na bosi aliniandikia barua nzuri ya mapendekezo ambayo haikutaja kistari. Namshukuru hadi leo.

Desemba ile nilienda Isiolo kwa harusi ya rafiki. Asubuhi ya pili nikamwomba jamaa mmoja wa bodaboda anipeleke mbele kidogo, barabara ya kuelekea Archer's Post. Nilikuwa na simu mkononi, namba zinapanda, 0.38, 0.40, na zilipofika 0.42 nikamgusa begani asimame. Sikuwa kwenye nukta yenyewe. Hiyo ilikuwa magharibi ya barabara, kilomita chache ndani ya vichaka, na sikuwa na viatu vya kwenda huko. Nikasimama kando ya lami nikaangalia upande huo. Ardhi ya kahawia, migunga, mbuzi weupe wametapakaa, kijana mmoja na fimbo. Kusini kwangu, mlima.

Nikampigia shosho.

"Niko kwa shamba lako," nikamwambia.

"La wapi?"

"Lile la Isiolo."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku. "Liko aje?"

"Kavu."

"Kuna maji?"

"Sioni."

"Na nani anachunga hapo?"

Nikamwambia kuna kijana na mbuzi.

"Mwambie asiwaachilie waingie safu za chini," akasema, na akakata simu kwa sababu, kama kawaida yake, alikuwa na kitu jikoni.